UZI: Miaka 3 ya yoga ya polepole juu ya mkeka. Mgongo, pumzi na usingizi wa fundi cherehani

#1 FundiWaTemeke (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam zenu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Temeke, huu ni mwaka wa 19 nipo kwenye mashine. Nashona vitenge, sare za harusi, na blauzi za sari kwa akina mama wa Kihindi wa Upanga na Kisutu. Anayeijua kazi hii anajua mwili unavyokaa: kichwa kimetangulia mbele, macho kwenye sindano, mabega yamepanda, mguu wa kulia kwenye pedeli kutwa nzima. Msimu wa harusi saa 5 usiku inanikuta bado napiga pindo.

Miaka 3 iliyopita mgongo ulinikamata. Ulianzia kiunoni upande wa kulia, ukapanda mpaka katikati ya mabega. Nikawa mtu wa diklofenaki, kile kidonge cha maumivu, asubuhi moja jioni moja, mpaka tumbo likaanza kuniunguza. Picha nilipiga, haikuonyesha jambo la kutisha. Usingizi nao ukaondoka. Nalala saa 6 usiku, saa 9 nipo macho, nahesabu kodi ya fremu, ada ya mtoto, kitambaa cha mteja nilichokikata vibaya. Mchana nikawa mkali hata kwa binti ninayemfundisha kazi, na kosa hana.

Siku moja mteja wangu, bibi wa Kihindi wa miaka 70 na kitu, alikuja kupima blauzi. Akaniona ninavyoshika kiuno nikiinuka. Akaniambia, "Wewe hupumui, mama. Unaiba hewa kidogo kidogo." Akatandika chini kile kitambaa changu cha kukatia, akanilaza chali, magoti nimekunja, nyayo sakafuni. Mkono mmoja kifuani, mmoja tumboni. Akaniambia nitoe pumzi kwa puani, taratibu, nihesabu mpaka 6. Basi. Mimi nilitegemea anifundishe kujikunja kama watu wa kwenye picha.

Dakika za mwanzo nikagundua tumbo langu halitikisiki kabisa. Linalopanda ni kifua, tena kidogo. Bibi hakusema kitu, alikaa kwenye stuli akinitazama. Ilipofika kama dakika ya 6 au 7, bega langu la kulia liliteremka lenyewe likagusa sakafu. Sikuwa najua kwamba nililinyanyua. Yaani nilikuwa nimelala chali kabisa, nimepumzika kwa akili yangu, kumbe bega bado linashona. Machozi yalinitoka bila kuwa na huzuni yoyote.

Tangu siku hiyo nafanya. Sio kila siku, lakini siku 5 kwa wiki hazipungui. Baada ya swala ya alfajiri natandika mkeka, dakika 35 hadi 40, kabla daladala hazijaanza kupiga honi. Usingizi ulirudi kwanza, kama wiki ya 3. Mgongo ulichukua miezi 2 kuanza kulegea, na msimu wa harusi bado unanisumbua, sitawadanganya. Ila diklofenaki sijainunua tangu mwaka juzi.

Nimefungua uzi huu kwa sababu nikisema "yoga" watu wanafikiria wasichana wembamba wanaosimama kichwa chini. Hii ninayoisema ni nyingine. Mkao mmoja unakaa nao dakika 2, 3, hata 5, na kazi yako yote ni kusikiliza pumzi. Kitambaa ukikivuta kwa ghafla uzi unakatika. Kivute taratibu upande wa mshazari, kinajiachia chenyewe. Msuli nao ukiuvuta ghafla unajikaza kujilinda, ndivyo ulivyoumbwa. Ukikaa nao bila kuusukuma, baada ya muda unaona hakuna hatari, unaachia.

Karibuni, ulizeni.

#2 Babu_wa_Marangu

Mwanangu, pole kwa mgongo na hongera kwa kupata nafuu. Nimesoma maneno yako yote. Mimi ni mzee wa kanisa, na nauliza kwa nia njema: hii si ibada ya Wahindu? Maana vijana wangu nao wameanza kuizungumzia, na nisingependa kuwakataza jambo jema wala kuwaruhusu jambo baya.

#3 FundiWaTemeke

Shikamoo babu. Swali lako ni la haki, na sitalijibu kwa kuficha.

Asili yake ni India, na kwa Wahindu wengi ni njia ya kiroho kweli. Bibi aliniambia neno lenyewe linatoka kwenye Kisanskriti, "yuj", yaani kufunga pamoja, kama unavyofunga ng'ombe wawili kwenye nira. Yeye anasali kwenye hekalu lake pale Kisutu na yoga kwake ina maana hiyo. Mimi ni Mwislamu. Sitamki mantra (yale maneno ya kiroho yanayorudiwarudiwa), sina sanamu mbele yangu, na bibi hajawahi kuniomba nifanye hivyo. Alinifundisha kulala, kuhema na kutulia. Niliongea na ustadh wangu kabla ya kuendelea, nikamweleza kila ninachofanya. Na wewe babu nakushauri uwaite hao vijana, wakuonyeshe wanachofanya, wanachotamka na wanachokusudia. Hapo utaamua ukijua. Asiyeridhika aache, mazoezi ya kupumua yapo hata bila jina la yoga.

#4 Fizio_Dodoma

Dada fundi, asante kwa uzi huu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na nimefurahi kuona mtu anaeleza mwili wake kwa umakini hivi.

Babu, naomba nichangie kwenye swali lako kwa njia nyingine. Mwaka 2001 watafiti wa Italia wakiongozwa na Luciano Bernardi walichapisha utafiti kwenye jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ. Walichukua watu wazima 23 wenye afya, wakawapa wasali Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini, na wakawapa pia mantra ya yoga. Vyote viwili vilishusha pumzi hadi karibu mara 6 kwa dakika. Mtu mzima akiwa ametulia huvuta pumzi kama mara 12 hadi 20. Na kwa mwendo ule wa mara 6, mapigo ya moyo na mishipa ya damu vilianza kwenda pamoja vizuri zaidi, na ule mfumo wa mwili unaosawazisha presha ukawa mwepesi zaidi. Kwa hiyo bibi zetu wanaosali rozari nzima jioni polepole, mwili wao unaingia kwenye mwendo huohuo.

Sababu yake: ukivuta hewa ndani moyo huongeza kasi kidogo, ukiitoa hupunguza. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu, vagasi, unaotoka chini ya ubongo ukashuka shingoni hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Huo ndio unaouambia moyo "tulia". Ukirefusha kutoa pumzi, unaupa muda mrefu wa kusema. Ndiyo maana yule bibi alianza na kutoa, hakuanza na kuvuta.

#5 ChumaMbagala

Mimi napiga chuma mwaka wa 6 sasa. Kwa heshima zote, kulala chini dakika 40 kunajenga nini? Mgongo dhaifu unahitaji nguvu. Naona kama mnawapa watu matumaini tu.

#6 Fizio_Dodoma

Mkuu, nguvu kweli inahitajika, na yoga ya polepole haichukui nafasi ya chuma wala ya kutembea. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2. Hii ya dada fundi haifikishi hapo.

Ila tazama hili. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanyika Boston, Marekani, kwa watu 320 wenye maumivu sugu ya chini ya mgongo, wengi wao wa kipato cha chini. Kundi moja lilifanya yoga ya taratibu iliyopangwa kwa ajili ya mgongo, kwa wiki 12. Jingine likaenda kwa wataalamu wa fiziotherapia kama mimi, mara 15. La tatu likapewa kitabu cha maelezo. Yoga haikuwa nyuma ya fiziotherapia, si kwa maumivu wala kwa uwezo wa kufanya kazi. Mwaka huohuo chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri kwamba maumivu sugu ya mgongo yaanze kutibiwa bila dawa, na yoga ikatajwa kati ya njia hizo. Nafuu yenyewe ni ya wastani, si muujiza. Lakini kwa mtu aliyeunguza tumbo kwa diklofenaki, nafuu ya wastani isiyo na sumu ni jambo kubwa.

Na wewe unayebeba chuma, misuli yako ina nguvu ya kukaza. Jaribu usiku mmoja kuiambia iachie uone kama inakusikia.

#7 NipoMuscat

Assalam alaykum. Fundi, umeniliza. Mimi nipo Muscat, kazi za ndani, mwaka wa 4. Wanangu wapo kwa mama yangu Tanga. Mchana sina muda, usiku nikiingia chumbani miguu imevimba na kichwa hakinyamazi. Chumba changu ni kidogo, kitanda na nafasi ya mkeka mmoja. Naomba uniandikie unachofanya, hatua kwa hatua, kama unamwandikia mtu ambaye hajawahi kuona.

#8 FundiWaTemeke

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Nafasi ya mkeka inatosha. Tafuta mto, na kanga 2 au mashuka 2. Usiwe umeshiba.

Kwanza lala chali, magoti yamekunjwa, kama nilivyoeleza juu. Vuta hewa puani ukihesabu 4, toa ukihesabu 6. Usilazimishe. Ikikubana, fanya 3 na 4. Dakika 5. (Fizio kataja mara 6 kwa dakika: 4 na 6 ni sekunde 10, piga hesabu. Bibi hakunipa utafiti wowote, alinipa hesabu hiyohiyo.)

Kisha piga magoti, viganja chini, kanga chini ya magoti. Ukitoa pumzi pandisha mgongo kama paka aliyeshtuka. Ukivuta, uache ushuke katikati na kifua kitangulie. Mgongo uifuate pumzi, usiitangulie. Mara 10 tu, na ukiifanya vizuri ni karibu dakika 2.

Hapo kaa juu ya visigino, tandika mto mbele, lalia kifua na shavu juu yake. Wanaita mkao wa mtoto. Visigino visipofika, weka kanga iliyokunjwa kati ya makalio na visigino. Dakika 3, na katikati geuza shavu. Huu ndio mkao ambao nausikia mgongo wangu wa nyuma ukifunguka kwa hewa, mbavu zinatanuka kwa nyuma. Sikuwahi kujua kama watu tunapumua na mgongoni.

Rudi chali, magoti pamoja, yaangushe upande mmoja, mto katikati yake. Dakika 2 au 3, halafu upande wa pili.

Sasa wewe hasa, kwa ile miguu: sogea ukutani, kalisha nyonga karibu na ukuta, pandisha miguu ipumzike juu yake. Siyo lazima inyooke. Dakika 5 hadi 8. Ikianza kufa ganzi, ikunje.

Mwisho ulale tu. Kanga iliyoviringishwa chini ya magoti, nyingine jifunike maana mwili unapoa. Mikono mbali kidogo na mbavu. Wahindi wanaita mkao wa maiti. Dakika 7. Huu ndio mgumu kuliko yote. Watu wengi wanaamka dakika ya 2 kwenda kuangalia simu, na wanaondoka kabla ya kupewa walichokifuata. Ukimaliza, geukia ubavu wa kulia, kaa hapo pumzi 3, ndipo ujisukume kwa mikono.

Sheria ni moja. Kwenye kila mkao nafika pale mwili unaposema "hapa", halafu narudi nyuma kidogo. Pumzi ndiyo futi yangu. Siku ambayo siwezi kutoa pumzi taratibu, nimevuta kupita kipimo, hata kama hakuna panapouma. Wiki zangu za kwanza nilijisukuma kwa sababu nilitaka kupona haraka, nikaamka na shingo iliyokaza siku 2.

#9 NipoMuscat

Nashukuru sana. Swali moja: mawazo je? Nikinyamaza ndiyo yanakuja yote. Mtoto wa mwisho ananiita shangazi kwenye simu.

#10 MshauriKigoma

Dada wa Muscat, naomba nikujibu mimi, maana hii ndiyo kazi yangu. Ni mshauri nasaha, nakaa na watu waliokimbia vita, wengi wao akina mama.

Usijaribu kufukuza mawazo. Yakija, jua yamekuja ("nawaza mtoto"), kisha rudi kwenye pumzi inayotoka. Yakirudi mara 50, nawe rudi mara 50. Huko kurudi ndiko mazoezi yenyewe. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha programu, ambayo leo ni ya wiki 8, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu na msongo. Ndani yake kuna yoga ya taratibu, na kuna zoezi la kupitisha fikra mwilini kiungo kwa kiungo, kuanzia vidole vya mguu. Ukishindwa na pumzi, jaribu hilo: kidole gumba cha mguu wa kushoto kinasikia nini sasa hivi? Shuka? Baridi? Basi hapohapo.

Jambo la pili nalisema kwa wote. Mtu aliyepitia kipigo, ubakaji au vita, kulala chali na kufumba macho kunaweza kumrudishia tukio lote. Nimekaa na mama mmoja ambaye hakuweza hata kulala sakafuni. Tulianza kwa kiti, macho wazi, mgongo ukutani, mlango anauona, na yeye ndiye anayeamua lini tuache. Wiki kadhaa zilikuwa ni kukanyaga chini na kusikia nyayo, hakuna kingine. Yapo matumaini ya kweli hapa: mwaka 2014 Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha utafiti kwa wanawake 64 wenye majeraha ya akili ambayo tiba za kawaida hazikuyamaliza. Baada ya wiki 10 za yoga ya taratibu, nusu ya waliofanya hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo. Kwenye kundi la kulinganisha ilikuwa kama mmoja kati ya 5. Lakini ifanyike pamoja na msaada wa mtu, isiwe badala yake. Na macho yafumbwe kwa hiari.

Kuhusu mtoto kukuita shangazi, hilo ni jeraha lenye haki ya kuliliwa. Ukilia kwenye mkeka, lia.

#11 MamaPacha

Nina mimba ya miezi 6 na presha inapanda. Je, naweza?

#12 Fizio_Dodoma

Mama, kwanza mweleze mkunga wako kliniki, tena wiki hii. Presha ya ujauzito si ya kujitibia kwenye mkeka. Akikuruhusu, kwa sasa usilale chali muda mrefu, mimba kubwa inabana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Lala ubavu wa kushoto na mto katikati ya magoti, fanya ile pumzi ya kutoa ndefu tu. Usizuie pumzi hata kidogo.

Niongeze na haya kwa wengine. Mwenye presha ya macho aache kupandisha miguu ukutani na mikao ya kichwa kuwa chini mpaka aongee na daktari wake. Mwenye mifupa dhaifu asijipinde mbele kwa nguvu. Mgongo unaoambatana na ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo, homa au kupungua uzito bila sababu, huo ni wa hospitali leo, si kesho.

Na wewe dada fundi: unafanya alfajiri. Zile diski laini zilizo kati ya pingili za mgongo zinanyonya maji usiku, kwa hiyo ukiamka zimejaa na zimebana. Umeanza kwa kulala chali na pumzi, ni sawa kabisa. Ila huo mkao wa mtoto usogeze baadaye kidogo, mwili ukiwa umeamka, na usikimbilie kuinama kugusa vidole saa ya kwanza baada ya kutoka kitandani.

#13 FundiWaTemeke

Fizio, asante sana. Nitaubadilisha uje baada ya kugeuza magoti. Sikuwa nalijua hili la pingili, na sasa naelewa kwa nini ndoo ya alfajiri ndiyo inayowamaliza watu wengi.

#14 wa_Kayole

Nawasalimu kutoka Nairobi. Hapa kwetu Africa Yoga Project ilianza 2007 na imefunza vijana wengi wa mitaa wakawa walimu. Mimi nilianzia huko, mtindo wa kutoa jasho, nikaupenda. Lakini tangu niwe boda boda mwili hautaki tena kasi jioni, unataka hii yenu. Jana nimejaribu miguu ukutani na mkao wa maiti pekee. Mikono yangu ilibaki imekunja vidole kana kwamba nimeshika stiya. Nimeitazama kwa muda mrefu ikifunguka, kidole kimoja baada ya kingine.

#15 ChumaMbagala

Fizio, nimejaribu ile ya kuiambia misuli iachie. Taya. Sikuwa najua kama nauma meno muda wote. Naendelea kusoma uzi.

#16 NipoMuscat

Wiki 2 sasa. Miguu uvimbe umepungua jioni, bado upo. Jana usiku nilihesabu pumzi mpaka 41, namba ikanipotea. Nikaja kushtuliwa na adhana, kanga bado imenifunika, na sikuwa nimegeuka.